Nilivyomfundisha kijana kuchambua ushairi kwa mashairi ya pori ya Australia

Msoma Beti (mleta uzi)

Salaam wanajamvi, hasa walimu na wazazi mnaolea watoto ughaibuni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Naishi Brisbane. Jioni mbili kwa wiki huwa nafundisha vijana wa familia zinazozungumza Kiswahili, wengi wao Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Mmoja wao ana miaka 15. Mwezi wa tatu alikuja na insha ya Kiingereza iliyojaa wino mwekundu. Aliambiwa achambue shairi, naye akaorodhesha: hapa pana tashbihi, hapa tashihisi, hapa takriri. Zote sahihi. Pembeni mwalimu wake alikuwa ameandika mara nne neno lilelile: kwa hiyo? Kijana akaniuliza, "Mwalimu, sasa hiyo 'kwa hiyo' inajibiwaje?" Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Nikaliweka kando lile shairi la darasani. Nikachukua mashairi ya pori, yale ya wachunga ng'ombe na wakata manyoya ya kondoo yaliyokuwa yakichapishwa kwenye gazeti la The Bulletin la Sydney miaka ya 1880 na 1890. Niliyachagua kwa sababu yana kisa, yana vina vya kusikika, na yalitungwa yasomwe kwa sauti. Nikaanza na la Banjo Paterson, "Clancy of the Overflow", lililotoka Desemba 1889.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mtu wa ofisini mjini anamwandikia barua Clancy, ambaye alimfahamu zamani akikata manyoya ya kondoo huko mto Lachlan. Bahasha anaielekeza The Overflow, shamba moja la mifugo la New South Wales. Majibu yanatoka kwa mtu mwingine: Clancy ameondoka, anaswaga ng'ombe Queensland, hatujui aliko. Basi yule wa ofisini anaanza kumwona Clancy akilini, na beti zilizobaki zinakwenda kati ya njozi hiyo na ofisi yake.

Tulikaa jikoni kwao. Mama yake alikuwa anachambua maharage mezani kwenye sinia, sisi tunachambua shairi upande wa pili. Nikamwambia kijana asiandike chochote. Nikasoma ubeti wa kwanza mara tatu. Halafu nikamwomba mama punje chache, nikamwambia kijana: kila silabi, weka punje moja.

Mstari wa kwanza ukatoa punje 8, pumziko, punje 8. Wanaojua mizani yetu ya silabi 8 kwa 8 wameshashtuka. Na pale kwenye pumziko pana kina: nusu ya kwanza inaishia "letter", ya pili "better". Mstari wa pili, 8 kisha 7. Wa tatu, 8 na 8, na kina cha kati tena. Wa nne, 8 na 7. Kijana akabaki na punje moja mkononi, ananitazama. "Imebaki moja, mwalimu." Nikamwambia aishike hivyohivyo, tutaitafutia mahali.

Nitaendelea, ngoja kwanza nisikie maoni.

Kibwagizo

Mkuu, hiyo nimeihesabu mwenyewe kwa vidole na ni kweli. 8 kwa 8! Ila kwetu huo mstari wa silabi 15 ungeitwa guni, yaani umepungukiwa mizani, mwalimu wangu wa fasihi angeupiga duara. Unamwelezaje mtoto kwamba huyo mshairi hakukosea?

Msoma Beti

Hapo ndipo somo lilipoanza kunoga, Kibwagizo.

Kiswahili mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kwa hiyo vina vyetu hutua laini: -ani, -eni, -oni, silabi ya mwisho haigongwi. "Letter" na "better" zinatua vivyo hivyo, ndiyo maana sikio la Mswahili linajihisi liko nyumbani. Lakini mstari wa pili na wa nne vinaishia "ago" na "Overflow", na mle ndani ya mdundo wa shairi silabi ya mwisho ndiyo inayopigwa. Hakuna kilichobaki nyuma yake ila kimya. Nilimwambia kijana asome, halafu baada ya "ago" aiangushe ile punje mezani bila kusema neno. Ikaanguka, tik. Ndiyo silabi ya nane, ila ni ya pumzi. Akarudia ubeti mzima akiangusha punje kila mwisho wa mstari wa pili na wa nne, na mama yake akawa ameacha kazi anasikiliza.

Nikamtahadharisha pia. Kiingereza huhesabu mapigo, hakihesabu silabi. Shairi hili limekubali maharage kwa sababu Paterson alilipanga hivyo. Wiki iliyofuata tulijaribu lile jingine lake la 1890, la mpanda farasi wa milima ya Snowy River, na punje zikagoma: mistari mirefu imechanganyika na mifupi. Pale ikabidi tupige meza kwa kiganja, tukihesabu mapigo tu. Mtoto aliyelelewa kwenye Kiswahili anahitaji kuonyeshwa tofauti hiyo mapema, vinginevyo atahesabu silabi maisha yake yote na kila mara zitamkatalia.

Sasa "kwa hiyo?" ya mwalimu wake. Angalieni mstari wa kwanza unavyoisha: neno "better" liko mwishoni, na kitu kinachoelezwa nalo, yaani taarifa bora zaidi ya mahali alipo Clancy, kimesukumwa mstari wa pili. Ni mstari mishata. Msemaji ameandika barua bila kujua mwenyewe aliko, na sentensi yake nayo inavuka ukingo bila kujua itatua wapi. Kijana alipoliona hilo akasema, "Kwa hiyo hata mstari unatafuta anwani." Nikamwambia andika hivyohivyo.

Mwalimu wa Zamu

Uzi mzuri. Mimi nafundisha kidato cha tatu huku Kenya. Shida yangu na wanafunzi ni kwamba kila kosa la sarufi kwenye shairi wanaliita uhuru wa mshairi na kuendelea mbele. Hapo kwa Paterson umekutana na hilo?

Msoma Beti

Nimekutana nalo, mwalimu, tena katika ubeti wa pili. Ile barua ya majibu inasema hatujui "where he are". Kijana alichukua penseli akasahihisha kuwa "is". Alikuwa na haki, maana ndicho anachofundishwa kila siku kama mtoto aliyejifunza Kiingereza ukubwani.

Nikamuuliza: sentensi hii ni ya nani? Akasema ya Paterson. Nikamwambia soma tena, kuna alama za kunukuu. Akaona. Ni maneno ya mkata manyoya mwenzake Clancy, na yule wa ofisini anasema waziwazi kwamba anayanakili kama yalivyo. Halafu nikamuuliza barua imeandikwa kwa kutumia kitu gani. Shairi linasema inaelekea iliandikwa kwa ukucha wa dole gumba uliochovywa kwenye lami. Kijana alidhani ni chumvi tu ya mshairi. Lakini kwenye mabanda ya kukatia manyoya, lami ilikuwepo kazini: kondoo akichubuliwa na mkasi, jeraha lilipakwa lami. Mtu ameandika kwa kilichokuwa karibu yake, wino wa kazi yake.

Kwa hiyo "are" inafanya kazi mbili. Inapatana kwa kina na "tar", yaani hiyo lami, na inatupa sauti ya mtu ambaye siku nzima ameinamia kondoo. Ukisahihisha kuwa "is", kina kinakufa na mkata manyoya anatoweka humo ndani. Uhuru wa mshairi ni jina la ruhusa. Swali la mchambuzi ni ruhusa hiyo imenunua nini. Na kwa mtoto ambaye lafudhi na sarufi yake husahihishwa kila siku, kuona kosa la mtu wa kazi limehifadhiwa kwa heshima ndani ya shairi linalopendwa na nchi nzima kulimgusa. Alifuta masahihisho yake taratibu mpaka karatasi ikawa safi.

Nyuki wa Ziwa

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Uvira, Kongo, sasa niko Adelaide. Ndugu, watoto wetu wanaona haya mashairi ni ya wazungu wa zamani na kofia zao. Huyo kijana alipendaje?

Msoma Beti

Ndugu yangu, aliyelifungua shairi hasa ni baba yake.

Mzee anafanya kazi machinjioni, hurudi saa kumi na mbili jioni amechoka kabisa. Huko kwao Minembwe, Kongo, alikuwa mfugaji. Siku ya tatu ya somo letu alikaa kwenye kiti cha mlangoni, anavua viatu. Nilikuwa nimefika ubeti ambamo ng'ombe wanafuatana polepole njiani na Clancy yuko juu ya farasi nyuma yao, anaimba. Nikamtafsiria. Mzee akainua kichwa.

"Yuko nyuma?"

Nikasema ndiyo, mzee, yuko nyuma yao.

"Basi huyo mwandishi aliona ng'ombe kweli. Anayejua ng'ombe hakai mbele. Na anaimba ili wajue yupo. Ukinyamaza nyuma yao, wanashtuka ukikohoa."

Kijana hakuwahi kumsikia baba yake akizungumzia ng'ombe kwa namna hiyo tangu wafike Australia. Akaanza kumuuliza: mlikuwa mnaimba nini, mliswaga wangapi, usiku mlilala wapi. Somo likaishia pale, nami sikulikatisha. Wiki iliyofuata alikuja akitaka kujua kila neno la ubeti ule. Hayakuwa tena mashairi ya kofia.

Bibi Shamba

Hapo kwa mzee nimelia, sisemi uongo.

Lakini nina swali zito. Hilo pori wanaloliimba lilikuwa la nani? Mto Lachlan una wenyewe. Tusifundishe watoto wetu waliofukuzwa kwao kusifu nchi ambayo wengine walifukuzwa bila kuwaambia.

Msoma Beti

Bibi, swali hilo ni haki yake na nalijibu kwa uzito uleule.

Lachlan ni nchi ya Wawiradjuri, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Australia. Katika shairi zima la Clancy hawamo. Kuna pori lenye marafiki wanaomlaki, kuna sauti za upepo na mto, kuna nyota za usiku, ila watu wenye ardhi hawamo. Sikumwambia kijana hilo mwanzoni kwa sababu nilitaka alione. Tulipokwisha kuzoeana na shairi, nikampa karatasi nikamwambia aorodheshe kila aliyetajwa mle, mtu au mnyama au kitu chenye sauti. Akamaliza orodha, akaitazama, akauliza lile lile uliloliuliza wewe, kwa maneno machache zaidi: "Mwalimu, kabla ya ng'ombe?"

Basi tukachukua shairi la Oodgeroo Noonuccal, mshairi Mwaborijini ambaye kitabu chake cha 1964 kilikuwa cha kwanza cha mashairi kuchapishwa na mtu wa jamii hizo. Humo wenye nchi wanarudi kwenye uwanja wao wa ngoma na kukuta umegeuzwa jalala. Mashairi haya mawili yakikaa meza moja, hakuna haja ya hotuba. Mtoto aliyeishi kambini anajua maana ya kurudi mahali pako na usipakute.

Sioni kama hilo linanikataza kumfundisha Clancy. Linanizuia kumfundisha peke yake.

Kibwagizo

Na yule hasimu wa Paterson, mshairi Lawson? Nimewahi kusikia walitukanana kwa mashairi gazetini. Lawson ndiye aliyesema kweli, Paterson alikuwa wakili wa mjini anayeota.

Msoma Beti

Hebu twende polepole hapo, maana vijana wengi hupotelea njia hiyo.

Ni kweli Henry Lawson alimjibu, Julai 1892, kwa shairi ambalo baadaye lilijulikana kama "Up the Country". Sisi watu wa pwani tungesema "Huko Bara". Msemaji amerudi kutoka huko, anajuta kwenda, anaeleza ukame, joto, mabonde matupu na wanawake walioachwa peke yao. Paterson akajibu kulitetea pori mwezi uleule. Lawson akarudisha. Wengine wakaingia. Miaka mingi baadaye Paterson alisimulia kwamba walipatana wenyewe wawili: Lawson alimfuata akapendekeza waandikiane mabeti, kwa sababu gazeti lililipa kwa ukubwa wa nafasi na wote walihitaji fedha. Kwetu si jambo geni, malumbano ya washairi gazetini tumeyasoma tangu utotoni, na siku zote nyuma ya ukali pana mapatano ya aina fulani.

Lakini kusema mmoja alijua na mwingine aliota si sahihi. Paterson alizaliwa 1864 karibu na Orange akakulia shamba la mifugo la Illalong karibu na Yass, kabla ya kuwa wakili Sydney. Lawson alizaliwa 1867 kwenye machimbo ya dhahabu ya Grenfell, akakulia kwenye kipande cha ardhi ya kimaskini karibu na Mudgee, na masikio yake yaliharibika tangu mdogo. Wote wawili walilijua pori. Mmoja alilijua akiwa juu ya farasi, mwingine akiwa na jembe. Na ile safari ya Lawson inayotajwa sana, ya treni hadi Bourke na kutembea kwa miguu hadi Hungerford, ilianza Septemba 1892, baada ya shairi lake kutoka.

Nikamuuliza kijana: msemaji wa Lawson yuko wapi anaposema? Akasoma mpaka mwisho. Anasema atakaa mjini, anywe bia na maji ya limau, aoge, apoe. Kijana akacheka kwa furaha: "Huyu naye yuko mjini!" Ndiyo. Wasemaji wote wawili wamekaa mjini, mmoja analia anataka kwenda, mwingine anashukuru amerudi. Ukishaliona hilo, huwezi tena kuandika kwamba shairi la kwanza "linahusu maisha mazuri ya porini".

Nyongeza kidogo kwa wanaoishi huku: noti ya dola 10 iliyotolewa 1966 ilikuwa na sura ya Lawson, na kuanzia 1993 noti hiyohiyo ikawa na Paterson. Nilimwonyesha kijana noti yangu, akatumia siku nzima kutafuta ile ya zamani kwenye picha.

Mwalimu wa Zamu

Sawa, sasa tupe mwisho wake. Aliandika nini? Ile "kwa hiyo" aliijibu?

Msoma Beti

Aliijibu, mwalimu, na sikumwandikia hata neno. Nilimpa kazi moja tu: chagua vina vya kati vitatu, niambie vinaunganisha nini na nini.

Cha kwanza alichochagua ni kile cha ubeti wa ofisini: ofisi finyu yenye giza, na mwale wa jua ulio bahili. "Dingy" na "stingy". Akaonyesha kwamba hata mwale wenyewe umekatwa, ubahili uko mwisho wa mstari, mwale uko mwanzo wa unaofuata, kana kwamba jua linapenya kwa shida mpaka kwenye karatasi. Cha pili, "cattle" na "rattle": mahali palipostahili mlio wa ng'ombe pana kelele za tramu na mabasi, na kina kinawafunga pamoja kwa sababu masikioni mwa karani moja limechukua nafasi ya jingine.

Cha tatu sikukitarajia, na nimelisoma shairi hili miaka mingi. Aligundua kwamba jina la Clancy linapoingia kwenye kina cha kati, mara zote mbili linapatanishwa na neno "fancy". Mara ya kwanza pale njozi inapoanza, mara ya mwisho pale karani anaposema angependa wabadilishane nafasi. Neno hilo kwa Kiingereza ni njozi, pia ni kutamani. Aliandika hivi, natafsiri: "Msemaji hajui Clancy aliko. Barua imemwambia hivyo. Kwa hiyo kila anachokiona, ng'ombe, mto na nyota, kimetengenezwa ndani ya ofisi ile. Hata jina la Clancy linaambatana na njozi. Shairi hili linamhusu mtu aliyekaa kwenye kiti."

Nikamuuliza kama basi ng'ombe ni uongo. Akafikiri, akasema, "Hapana, maana baba alisema yuko nyuma yao." Hilo nalo akaliongeza kwenye insha: kwamba aliyeota alikuwa amewahi kuona.

Insha imerudi kutoka shuleni, pembeni hakuna "kwa hiyo". Kuna mstari wa wino chini ya ile sentensi ya kiti na alama ya vema.

Jumapili hii nimealikwa kula. Mzee ameomba nilisome lote kuanzia mwanzo, kwa Kiingereza kwanza, halafu kwa Kiswahili, na amesema atakaa nami pale pale mezani. Kijana anatafsiri beti zake mwenyewe kwa mizani 8 kwa 8. Amekwama kwenye ule ubeti wa barua, hajapata namna ya kukosea sarufi ya Kiswahili kwa sauti ya mkata manyoya bila kumfanya aonekane mjinga. Anayeweza kusaidia hapo, aandike chini.

Nyuki wa Ziwa

Mwambie ajaribu Kiswahili cha kwetu: "hatujuwe eko wapi". Mtu wa kwetu akisoma hataona kosa, na mtu wa Dar atasikia mara moja kwamba ni mwingine ndiye anasema.

Msoma Beti

Asante sana ndugu. Nimempigia simu nikamsomea. Amenyamaza kidogo, kisha akaniambia hivyo ndivyo bibi yake anavyosema.